Ukurasa wa Ragna Tveit

Wiki tatu kabla ya kitabu cha mji wetu kwenda kwa mchapishaji, katika kurasa zake mia sita na ushee, jina la Ragna Tveit lilikuwa limeandikwa mara moja tu, na mara hiyo moja lilikuwa la kumpaka matope. Sentensi yenyewe ilikuwa kwenye ukurasa wa familia ya Amundrud: "Mama yangu Clarice alifariki siku niliyozaliwa, Februari 1949, kwa sababu Ragna Tveit hakuwepo kwenye ubao wa simu baba alipopiga kumwita daktari." Aliyeiandika ni Lorna Amundrud, mtoto niliyemnyonyesha mwenyewe.

Sentensi hiyo naijua kwa moyo kwa sababu kurasa zote zilipitia mikononi mwangu. Mwaka ule wa 1980 jimbo letu la Saskatchewan lilikuwa linatimiza miaka sabini na mitano, na kila kamji kenye wanawake sita na taipureta moja kalikuwa kanatengeneza kitabu chake. Sisi wa Brattvold tuliunda kamati, na kamati ikanipa mimi, Verna Prokop, kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza watu waandike habari za maisha yao. Kila familia ukurasa wake. Asiyeandika anabaki na mstari mmoja mwishoni mwa kitabu: jina, namba ya shamba, mwaka aliokuja. Mchapishaji alitaka kila kitu mwisho wa Machi.

Msidhani ni kazi nyepesi. Watu wetu ukiwaambia waandike habari zao wanakuandikia habari za matrekta. Tulifika 1911. Tulifungua shamba. Watoto saba. Trekta 1938. Mvua ya mawe 1941. Mzee Hjalmar Lindgren alizika wake wawili, na wote wawili akawapa mstari mmoja wa kugawana, ilhali trekta lake la kwanza lilipata aya nzima. Nikamrudishia karatasi.

"Mzee Hjalmar, huyu mkeo wa pili alikuwa anapenda nini?"

Akakuna kichwa muda mrefu. "Alikuwa imara. Hasumbui hata wakati wa baridi."

"Hayo umeshayasema kwenye trekta."

Alicheka, akaondoka na karatasi yake, na baada ya wiki akaniletea habari ya namna mke wake wa pili alivyokuwa akiwaimbia kuku. Nilisoma nikalia jikoni kwangu. Basi nikajiona fundi. Nilikuwa najisifu kwenye kamati kwamba hakuna mtu nisiyeweza kumfungua mdomo, na kwa kweli wengi niliwafungua.

Ragna Tveit alinishinda kuanzia Oktoba. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, akiishi kwenye nyumba ile ile ya mbao ambako simu za wilaya nzima zilikuwa zikiunganishwa. Alishika ubao ule wa kuunganishia simu mwaka 1931 na kuuachia 1972, simu za kuzungusha namba zilipofika na kumfanya hahitajiki. Miaka arobaini na mmoja alilala chumba kimoja na ubao, kwenye kitanda cha turubai, viatu vikiwa vimefunguliwa kamba kandokando ya mto ili asipoteze muda kengele ikilia. Macho yake sasa yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Anaona pembeni, anachokitazama hakioni.

"Nikikutazama, Verna, naona masikio bila uso," aliniambia. "Si hasara kubwa."

"Bi Ragna, nimekuja kwa ajili ya ukurasa wako."

"Mimi sina habari ya kuandika. Maisha yangu yote nilikuwa nachomeka waya ili watu wengine waongee."

"Basi andika ulivyokuwa unachomeka."

Akaniandikia. Kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama mayai, alijaza karatasi nne kwa milio ya simu ya nyumba zote za wilaya, kila moja na mlio wake. Lindgren, mirefu miwili. Prokop, mrefu mmoja na mifupi miwili. Amundrud, mifupi mitatu. Nyumba sitini na nane, bila kukosea hata moja, na hakuna mahali alipoandika neno "mimi".

"Hii ni orodha," nilimwambia.

"Umeomba niandike nilivyokuwa nachomeka."

"Anza na kitanda, Bi Ragna. Kile kitanda cha turubai. Ukilala unasikia nini?"

Akaniuliza kama ninataka kahawa, na hiyo ilikuwa namna yake ya kunifukuza. Lakini wiki iliyofuata alikuwa na karatasi mbili mezani. Alikuwa ameandika juu ya kitanda. Halafu juu ya mnunuzi wa nafaka aitwaye Ansgar, aliyekuwa akimpigia kila siku saa kumi na mbili jioni kumuuliza ni saa ngapi, ilhali saa kubwa ya stesheni ilikuwa inaning'inia juu ya meza yake mwenyewe. Miaka mitatu alimuuliza saa. Mwaka wa nne akamuuliza kama angekubali kuolewa. Kampuni ya simu haikuajiri mwanamke aliyeolewa, na hapakuwa na mwingine wa kushika ubao, basi Ragna akamwambia subiri kidogo. Ansgar akahamishwa. Ragna aliandika: "Siku nyingi baadaye, ikifika saa kumi na mbili, nilikuwa naitazama saa mwenyewe." Nilipomaliza kusoma nikaanza tena mwanzo.

Hapo ndipo ukurasa wa Lorna ulipofika, Januari, kwa posta, umepigwa chapa safi bila kosa.

Sasa lazima niseme jambo kabla sijaendelea, maana nisiposema nitakuwa nawachezea. Mimi nilijua sentensi ile ni ya uongo. Nilijua tangu siku yenyewe. Ragna alikuwepo kwenye ubao, na nilijua kwa sababu nilimsikia kwa masikio yangu.

Kwa vijana ambao hawakuyaona mambo yale: laini yetu, ya nne, ilikuwa na nyumba kumi na mbili kwenye waya mmoja. Mlio wa mwenzio ukilia, adabu inataka uendelee na sufuria zako. Hakuna aliyeendelea na sufuria. Unainua mkonga wa simu taratibu, unaziba pa kusemea kwa aproni, unatega sikio. Kila mtu alijua kwamba kila mtu anasikiliza, na hakuna aliyewahi kukiri. Ungeweza kuisikia saa ya ukutani ya akina Lindgren ikigonga katikati ya maongezi ya watu wengine, na bado Jumapili mama Lindgren anakuuliza kanisani, "Ehe, mama yako hajambo?" kana kwamba hajui mama anatapika tangu Jumanne. Ubaya wake ni kwamba kila mkonga ukiinuliwa unanyonya nguvu ya waya. Wakisikiliza wawili, sauti inafifia. Wakisikiliza kumi, ni kama mtu anaongea akiwa ndani ya gunia la ngano.

Selmer Amundrud, baba yake Lorna, alipiga simu Jumapili saa sita mchana, muda ambao ubao haukuwa wazi ila kwa dharura. Ule mlio mrefu wa kumwita opereta ulisikika nyumba zote kumi na mbili, na zote zikainua mkonga. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mume wangu Metro yuko kaskazini kwenye kambi ya kukata magogo, mtoto wangu Denis ana miezi mitatu, theluji imefika madirishani, na sijaongea na mtu mzima kwa siku tisa. Niliinua kwa upweke. Sijitetei, nawaambia tu.

Ilisemekana baadaye kwamba Ragna alikuwa amelala, au ametoka, ndiyo maana daktari akachelewa kuitwa. Selmer aliamini hivyo mpaka anaingia kaburini mwaka 1971, kwa sababu alipiga na kupiga asisikie jibu. Kampuni ya simu ilimwita Ragna kwenye kikao, wakataka kumfukuza. Walimwacha tu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kulala na kengele masikioni. Wanawake wawili watatu waliacha kumsalimia. Akahamia benchi la mwisho kanisani, na hapo hapo anakaa hadi leo. Hakuwahi kujibu neno, na waliotega sikio nao hawakukiri.

Nilikwenda kwake wiki ya kwanza ya Machi, ukurasa wa Lorna umo mkobani. Alikuwa jikoni anasukuma lefse, zile chapati zetu za viazi, kwa kupapasa.

"Ingia, Verna," alisema kabla sijafungua kinywa. "Wewe tu ndiye unayefunga mlango kama umegombana nao."

Nikamsomea ukurasa wote. Hakuacha kusukuma.

"Anaandika vizuri," alisema. "Ualimu umemkaa."

"Bi Ragna, umeusikia ule mstari?"

"Macho ndiyo sina. Masikio ninayo."

"Ni uongo."

"Ni uongo, ndiyo."

"Sasa? Kitabu hiki kitakaa kwenye kila nyumba. Watoto wa watoto watakisoma. Watajua jambo moja tu kukuhusu, na jambo lenyewe ni hilo." Nilikuwa nimepandisha sauti. "Una wiki tatu. Andika kwamba ulikuwepo. Andika kwamba watu walitega sikio wakakumalizia nguvu ya waya. Majina usitaje. Wewe sema tu watu."

"Watu," alirudia.

"Watu, ndiyo. Inatosha."

Aligeuza chapati kwenye bati, akaipiga piga kwa vidole, akaitoa. Alikuwa haharakishi. Kisha akafuta mikono na kukaa mbele yangu, uso kaugeuzia dirisha ili anione kwa pembeni.

"Nilikuwa nimeketi hapo ulipo," alisema. "Kile kibao kidogo cha laini ya nne kwenye ubao kikaanguka, maana yake kuna anayepiga. Kibao kinakuambia laini, hakikuambii nyumba. Kumi na mbili, Verna. Nasema haloo, haloo, nani huyo, nasikia upepo tu na mtu anazungusha mpini wa simu kama anasaga nyama. Daktari yuko ng'ambo ya barabara, farasi wamefungwa tayari. Nimwambie aende wapi? Nikasema wekeni chini, nyote wekeni chini, kuna mtu ana shida. Nikasikia mikonga inashuka. Mmoja mmoja. Nikahesabu, lakini waliobaki walitosha kunizibia waya. Zikapita dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Halafu sauti ikaja, ya karibu zaidi."

Nilijua inakuja. Nilishika kingo za meza.

"Sauti nzito, kama ya mzee mwenye mafua. Ikasema, ni kwa Selmer, mtoto ameshatoka, mke anatokwa damu. Ikakata." Akanyoosha aproni magotini. "Mimi watu wa laini ile nilikuwa nawajua hata wanavyovuta pumzi. Wewe binti ulidhani utanidanganya kwa kukaza koo?"

Miaka thelathini na mmoja niliamini hajui. Kila nilipompelekea mayai, kila nilipomsindikiza kutoka kanisani kwenye barafu nikimshika mkono, niliamini nafanya wema wa siri kwa mtu asiyejua kitu. Nilianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima, cha makamasi.

"Nilikuwa nasikia kila kitu," nilimwambia. "Selmer alikuwa nusu maili tu kutoka kwangu. Nilimsikia yeye, na wewe nilikusikia kwa mbali unasema hausikii. Ningeweza kukuambia dakika ya kwanza."

"Najua."

"Niliona haya. Kwamba nikisema, wote watajua nilikuwa natega sikio. Wote walikuwa wanatega sikio, Bi Ragna. Wote. Na mimi nikaona haya."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana ulikaza koo."

Daktari alipofika kwa sleji ya kukokotwa na farasi juu ya theluji, alisema kama angefika robo saa mapema pengine angemwokoa. Mimi nilikuwa nimeshafika kabla yake, nimekata theluji kwa miguu na Denis mgongoni, na nikamkuta Clarice hasemi tena. Kichanga kilikuwa kimefungwa kwenye shati la Selmer. Nikakiweka kwenye ziwa langu. Nilirudi nacho nyumbani nikakinyonyesha pamoja na wangu, na hakikutoka kwangu mpaka kilipotimiza miaka sita.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza Ragna. "Kwenye kikao. Ungewaambia, ni Verna Prokop."

"Halafu Selmer angefanya nini?"

Nikafuta pua kwa kiganja.

"Angekuja kumchukua mtoto. Ana hasira, ana msiba, angemtoa kwenye ziwa lako siku hiyo hiyo. Ampeleke wapi, Februari ile? Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekauka maziwa. Nilifikiri nitasema majira ya kuchipua. Yalipofika, mtoto alikuwa bado ananyonya kwako. Nikafikiri nitasema mwakani, na mwakani alikuwa anakuita mama." Akainua mabega. "Mimi sikuwa na mtu nyumbani wa kunikasirikia. Na niliapa, unajua. Kilichopita kwenye waya ni cha wenyewe."

"Wamekusema vibaya miaka yote."

"Wamenisema. Iliniuma, usidhani haikuniuma. Miaka ya kwanza nilikuwa naogopa kwenda dukani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nikaona bora angenipiga kofi.

"Basi andika sasa," nilimwambia. "Andika na jina langu ulitie."

"Ukurasa wangu nimeshaandika. Uko hapo kwenye droo, chukua. Kitanda kimo, na Ansgar yumo, na usiku wa moto wa stesheni. Hiyo ndiyo habari yangu." Alisimama kurudi kwenye unga wake. "Hiyo nyingine si yangu, Verna. Mimi siku ile nilisikia upepo. Aliyesikia ni wewe."

Nilirudi nyumbani nikakaa mezani na karatasi. Mimi, fundi wa kuwafungua watu. Niliandika: "Mwaka 1949 theluji ilikuwa nyingi kuliko kawaida." Nikaisoma nikaichana. Niliandika juu ya kambi ya magogo ya Metro, aya mbili. Nikachana. Siku ya tatu nikajikuta naandika mwaka tulionunua mashine ya kuvunia, nikajicheka, maana wote niliokuwa nawacheka sasa nilikuwa nimekaa nao kiti kimoja. Metro, Mungu ampumzishe, angekuwepo angesema, acha kuzunguka nyumba, ingia ndani. Siku ya nne nikaingia. Niliandika: "Nilikuwa nasikia kila kitu." Baada ya hapo maneno hayakunisumbua tena, walinisumbua watu waliomo.

Jumamosi Lorna alikuja kula chakula cha mchana kama kawaida yake. Ni mwalimu wa shule yetu ya msingi, thelathini na mmoja, mrefu kama baba yake, hajaolewa na hataki kuulizwa. Nilingoja amalize supu. Kisha nikaweka karatasi mbele yake, nikasimama karibu na sinki.

Alisoma mara moja. Akarudi mwanzo akasoma tena, kidole kikifuata mistari kama anavyowafundisha watoto.

"Dakika ngapi?" aliuliza.

"Ishirini."

"Dakika ishirini umeshika simu. Ulikuwa unangoja nini, Mama Mdogo?"

"Sikuwa nangoja kitu. Nilikuwa naona haya."

"Haya." Alilitamka lile neno kama limemkwama mdomoni. "Na Bi Ragna, je? Mimi nikiwa mtoto nilikuwa navuka barabara nisipite mbele ya nyumba yake. Ulikuwa unaniona. Ulikuwa umenishika mkono, tunavuka wote."

Ilikuwa kweli.

Alivaa koti akatoka. Nilisikia mlango wa gari, nikasikia injini, kisha sikusikia gari likiondoka. Nilichungulia. Alikuwa amekaa uani na injini inaunguruma, mikono kwenye usukani, anatazama ghala. Robo saa nzima. Nilijiambia, Verna, huyu ndiye umempoteza, na umempoteza kwa haki. Nikaanza kuosha vyombo maana sikujua la kufanya na mikono yangu.

Akarudi. Hakuvua koti. Alisimama mlangoni na uso uliobadilika, hasira bado imo lakini kuna kitu kingine kimepita mbele yake.

"Umeandika ulisikia kila kitu," alisema.

"Ndiyo."

"Baba alikuwa kwenye simu. Simu yetu ilikuwa jikoni."

"Ukutani, karibu na jiko."

"Na mama alikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Walikuwa wamehamishia kitanda jikoni kwa ajili ya moto." Ndipo nikaelewa anauliza nini.

"Alikuwa anaongea?"

Selmer hakuwahi kulitaja jina la Clarice tena baada ya maziko. Picha alizifungia sandukuni. Mtu wa kumwambia Lorna habari za mama yake nilikuwa mimi, na nilimwambia alivyosuka nywele, alivyotembea, mambo ya rafiki yangu wa jirani. Lakini yale ya siku ile sikuthubutu kuyagusa, kwa sababu ningeyasikiaje kama sikuwa nimeinua mkonga? Nilikuwa nimelinda aibu yangu kiasi kwamba nilimnyima mtoto sauti ya mama yake, na sikuwa nimeliona hilo hata wakati naandika.

"Alikuwa anaongea," nilimwambia. "Selmer anapiga kelele kwenye simu, hamsikii. Yeye alikuwa nyuma yake. Sauti yake haikuwa ya woga. Alisema, 'Selmer, acha hiyo simu, mfunike mtoto kwanza, miguu iko nje.' Alisema mara mbili. Kisha akacheka kidogo, akasema, 'Maskini, amechukua kidevu chako.'"

Lorna alishika kidevu. Ni kidevu cha akina Amundrud kweli, kama koleo, na tangu akiwa msichana anakichukia. Alivuta kiti akakaa na koti lake, akalia, na katikati ya kulia akacheka, na mimi sikujua nimguse au nisimguse, kwa hiyo nikabaki na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Hilo halimo," alisema hatimaye, akigonga karatasi yangu. "Umeandika waya na nguvu ya waya na haya zako. Hilo hukuliandika."

"Sikufikiri."

"Liandike."

Alinisogezea kalamu. Nikaketi nikaandika, herufi zinapinda, yeye anasoma juu ya bega langu. Nilipomaliza akanipokonya kalamu, akautoa ukurasa wake mwenyewe kwenye bahasha ya kamati, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnyoofu. Juu yake akaandika: "Ragna Tveit alikuwepo kwenye ubao. Soma ukurasa wa Prokop." Akaitazama, akaona haitoshi, akaongeza: "Nitakwenda kumwomba radhi leo." Nilimwambia maneno kama hayo hayakai kwenye kitabu. Akasema yatakaa.

Alikunja karatasi zote mbili akazitia kwenye bahasha, lakini hakusimama. Alikuwa anatazama simu yangu ya ukutani, hii mpya ya kuzungusha namba.

"Alisema nini kingine?"

"Hakuna kingine, mwanangu. Baada ya hapo nilimsikia baba yako peke yake."

Akavua koti, akaliweka magotini.

"Basi niambie tena hayo hayo," alisema.

Nikamwambia tena.